Mistari ya Boksi la Njano

Mimi ndiye niliyekata boksi la Mzee Chediel. Nalisema mapema ili mtu asije akafika katikati ya habari hii akaanza kunihurumia. Nilikuwa na wembe mkononi na akili zangu timamu, na hakuna aliyenituma.

Jina langu ni Yasinta, ingawa hapa Itigi wengi wananiita Mama Hana. Nauza asali stesheni. Treni ikisimama nabeba beseni na kupita madirishani. Ikiondoka narudi kwenye meza yangu, iliyo kati ya banda la chipsi na steshenari ya Mzee Chediel. Steshenari ni jina kubwa kwa chumba kile. Kuna kompyuta moja, mashine ya kopi inayokohoa kabla ya kuanza kazi, shuka la bluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, na kiti cha mbao ambacho mwenyewe amekikalia tangu alipostaafu reli.

Huko reli alikuwa karani wa vifurushi, miaka thelathini na ushee, na ukarani haukumtoka. Ukimpa shilingi mia mbili ya kopi moja, anakuandikia risiti. Ukimwambia huitaki, anaiandika hivyo hivyo na kuichomeka kwenye msumari ukutani. Msumari ule umejaa risiti za Itigi nzima, na sijawahi kuona mtu aliyerudi kuchukua yake.

Mkewe, Aneth, alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wao ni mmoja tu, Deo, yuko Mtwara na kazi nzuri na familia yake, na hupiga simu Jumapili, mazungumzo ya dakika mbili ambayo nusu yake ni "unanisikia? unanisikia?" Kwa hiyo mzee anaishi peke yake. Hili naomba nilieleze vizuri, kwa sababu watu hufikiri mtu mwenye duka hawezi kuwa mpweke. Wanaweza kuingia watu thelathini kwa siku, na wote kwa pamoja wasimwambie maneno ya kujaza ukurasa mmoja. Mzee, kopi mbili. Mzee, nina haraka. Shikamoo wanampa, hiyo huku kwetu hakuna anayethubutu kuiacha, lakini wanampa macho yakiwa kwenye simu, na marahaba yake huwakuta wameshatoka mlangoni.

Alichokuwa nacho ni sanduku la posta, namba arobaini na nne. Alilipata akiwa kijana, alipohamishiwa Itigi na Aneth bado yuko kwao Ihanja. Uchumba wao wote ulipita kwenye kitundu kile. Aneth alikuwa akiandika kila wiki, na mzee aliniambia siku moja, bila aibu yoyote, kwamba alikuwa akifungua sanduku kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika ukuta. Baadaye zikaja barua za ndugu, kadi za harusi, barua za shule ya Deo, barua za chama. Kisha simu zikaingia na sanduku likanyamaza. Hata hivyo kila Jumanne na Ijumaa, saa nne kamili, alikuwa akibandika kikaratasi mlangoni, "Narudi sasa hivi," anakwenda posta, anafungua, anatazama ndani, anafunga, anarudi. Njia nzima mikono amekunja nyuma.

Deo ndiye aliyemwambia aachane nalo. Baba, kila mwaka unalipia hewa. Mwezi wa tisa alikuja mezani kwangu akasimama wima, kama anayetoa taarifa kwa stesheni masta.

"Mama Hana, nimeamua," alisema. "Nitasubiri mpaka mwisho wa mwaka. Ikiingia barua moja tu yenye jina langu, nalipia tena. Isipoingia, narudisha ufunguo."

"Hata ikiwa ya kudaiwa bili?"

"Hata ya bili. Ila iwe na jina langu."

Nilicheka. Nilidhani ni vituko vya wastaafu.

Sasa nije kwenye asali. Asali ya Itigi haihitaji kusifiwa. Vichaka vyetu vikichanua nyuki hawahitaji kuelekezwa. Shida ni abiria. Mwaka juzi mama mmoja aligeuzageuza chupa yangu dirishani, akauliza mbona haina mistari. Nikamuuliza mistari gani. Akanionyesha chupa yake ya maji ya kiwandani: ile mistari myeusi iliyosimama, minene na myembamba, yenye namba chini yake. Akasema kitu kisicho na mistari hakijapimwa na mtu yeyote. Treni ikaondoka na pesa yake.

Nilikaa nikawaza, nikaona mistari si kitu cha kumshinda mtu mwenye wembe. Nikaanza kuikata kwenye maboksi ya watu. Nikakoroga uji mzito wa ngano, nikawa nabandika kwenye chupa. Asali yangu ilibeba mistari ya dawa ya meno, ya majani ya chai, ya betri, ya dawa ya mbu. Na iliuzika, nisiseme uongo. Abiria walikuwa wakiitazama chupa, wanaona mistari, wanatoa hela. Wenzangu wakaiga. Mpaka leo ukinunua asali dirishani kwetu, usishangae namba zake zikisema ni biskuti.

Maboksi mazuri kuliko yote yalitoka kwa Mzee Chediel, ya wino wa printa na ya kalamu. Aliyaweka nyuma ya mlango na mimi nikayachukua jioni. Hakuwahi kuuliza nayafanyia nini; nadhani alidhani nawashia jiko. Na mimi sikumwambia, kwa sababu yule mzee akiona karatasi imesema uongo anaumwa kabisa, mwili mzima.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi kompyuta yake iliugua. Wanafunzi walikuwa wamemletea flashi zenye virusi, na kila faili alilofungua likawa tupu. Alipanda gari mpaka Mkiwa, akaunganisha Singida mjini, akaenda duka la kompyuta la Mansuri, akarudi na programu ya kuzuia virusi ndani ya boksi la njano, kubwa kama kitabu cha nyimbo. Ilikuwa Jumatatu. Alitoa sidii na karatasi zake, akaanza kazi, na boksi akaliweka nyuma ya mlango kama kawaida.

Lilikuwa boksi gumu, zuri. Mistari yake ilikuwa chini, imezungushiwa fremu nyekundu, na juu ya fremu kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Mimi na Kiingereza hatusalimiani. Niliona ile fremu ni urembo. Nikakata, nikaacha ukingo mwembamba wa njano kwa sababu ulipendeza, nikabandika kwenye chupa ndogo, nikaipanga na wenzake. Boksi lililobaki nikalisukumia jikoni.

Mtu mwingine angefungua zile karatasi na kusoma ya juu. Mzee Chediel alianza na kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa kwanza, akaenda nacho kwa mpangilio siku tisa. Karatasi ya ofa ilikuwa imechomekwa mwisho kabisa. Jumatano ya wiki ya pili alikuja nayo mezani kwangu, ameishika kwa mikono miwili.

"Soma hapa," alisema.

Ilikuwa kwa Kiswahili, nikasoma. Mteja akate alama ya uthibitisho wa ununuzi iliyo chini ya boksi, ndani ya fremu nyekundu. Aiambatanishe na nakala ya risiti na fomu iliyojazwa, atume kwa posta kabla ya mwisho wa Oktoba. Atarudishiwa shilingi elfu kumi na tano, na atatumiwa barua ya uthibitisho kwa jina lake. Ile elfu kumi na tano ilikuwa imekaa vilevile ilivyochapwa. Maneno ya mwisho, barua kwa jina lake, alikuwa ameyapigia mstari kwa rula.

"Lazima wajibu," alisema. "Wameandika wenyewe." Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshapata jibu, "Lile boksi la njano bado unalo?"

Nilijua palepale nimefanya nini. Na nilijua kwamba nikisema kweli itabidi niseme na nyingine: kwa nini nimekata mistari, imekwenda wapi, na kwamba mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimtumia yeye, karani wa reli, kughushi asali.

"Mzee, nilishaliwashia jiko," nilisema.

"Lote?"

"Lote."

Aliikunja ile karatasi, mara moja, mara mbili. "Huna kosa," alisema. "Niliweka mwenyewe nyuma ya mlango." Akarudi kwenye kiti chake.

Afadhali angenitukana. Ijumaa yake alipita kama siku zote. Nimesahau kusema kwamba Ijumaa akitoka posta alikuwa akipita kwangu kununua chupa moja ndogo. Ananiuliza nimeamkaje, Hana anaendeleaje shuleni, mume wangu karudi au bado yuko porini na mizinga. Na mimi namuuliza kaamkaje. Nilikuwa nikimhesabu miongoni mwa wateja wazuri, wale wasiopunguziwa bei. Siku ile aliuliza yote hayo vizuri kabisa, akalipa, akaondoka na chupa yake, na neno la boksi hakuligusa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumwaga takataka jalalani, kule nyuma ya stesheni. Nikamkuta. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya lundo, suruali amekunja mpaka magotini, anachokoa kwa kijiti. Vipande vya maboksi alivyopata alikuwa amevipanga chini kwa mstari, vya njano upande wake, vya rangi nyingine upande wao. Nadhani alifikiri huenda kipande kimoja hakikuungua vizuri, kikatupwa pamoja na majivu. Watu walikuwa wakipita. Mmoja akamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, na yule mtu akaenda zake bila kuuliza mzee wa umri ule anatafuta nini jalalani.

Nilirudi na ndoo yangu imejaa. Nilijiona mtu mbaya, na sikuona sababu ya kujibembeleza.

Jumapili nilipotoka kanisani nilikwenda kwake. Anakaa vyumba viwili karibu na zile nyumba za zamani za reli. Mara ya mwisho kuingia mle ilikuwa msiba wa Aneth, na siku ile watu walijaa mpaka kuta hazikuonekana. Safari hii kuta ndizo zilizokuwepo. Meza moja, kiti kimoja. Alikwenda chumbani kuniletea kingine, akakifuta kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi, na nikaona kwamba hakijakaliwa siku nyingi, maana hakujua akiweke wapi.

Maneno ya kuungama nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yaliniishia nilipotazama rafu iliyokuwa juu ya meza. Zilikuwa chupa zangu za asali. Zimepangwa mstari mmoja mbele ya mwingine, zaidi ya arobaini, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kila moja ilikuwa imefungwa uzi shingoni na kikaratasi chenye tarehe, kama vifurushi vinavyosubiri mwenyewe aje kuvichukua.

"Mzee, kwani wewe huli asali?"

"Nina kisukari," alisema. "Mwaka wa tatu sasa. Daktari alinikataza hata soda."

"Sasa unanunua ya nini?"

Alizitazama zile chupa kitambo, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaulizwa.

"Nije nisimame tu kwenye meza yako?" alisema. "Watu wangesema mzee huyu anasumbua wafanyabiashara. Mtu lazima awe na shughuli."

Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, na kwa kuwa kugombeza ndiko nilikokuzoea, nikagombeza. Nilimwambia kuanzia siku ile simuuzii tena. Hata chupa moja. Akitaka kupita apite, asimame mpaka achoke, tuzungumze, lakini pesa yake sipokei. Nilidhani nafanya jambo jema. Alisema sawa, taratibu, kama abiria aliyeambiwa dirisha limefungwa.

Ndipo nikamwambia habari ya boksi. Nilimwambia yote, wembe na uji wa ngano na abiria, na kwamba sikumbuki chupa ile nilimuuzia nani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, la kikarani.

"Ulibandika lini?"

"Jumatatu ileile."

Akasimama. Akapekua vile vikaratasi shingoni mwa chupa, akashusha ya Ijumaa ya wiki ileile, akaigeuza. Mistari ilikuwepo, ndani ya fremu nyekundu, na ukingo wangu wa njano. Alikuwa amelala nayo nyumba moja wiki nzima, mpaka jalalani akaenda.

Alivaa miwani. Badala ya kufurahi akaanza kushusha nyingine, moja moja.

"Hii ni ya betri," alisema. "Hii dawa ya mbu." Akaishusha miwani. "Mama Hana, huku ni kughushi."

"Ndiyo, mzee."

"Utaacha."

"Nitaacha."

Na nimeacha. Siku hizi nabandika lebo alizonichapia yeye, zenye jina langu na neno Itigi, bila mstari wowote. Nauza pungufu kidogo. Wiki ambazo biashara ni mbaya sana wembe hunitazama, ila hayo ni mambo yangu na wembe.

Siku ile tulichemsha maji kwenye birika, tukaishikilia chupa kwenye mvuke mpaka uji wa ngano ukalegea. Yeye ndiye aliyebandua. Pembe moja ilichanika, akaendelea taratibu zaidi. Alikibandika kile kipande kwenye karatasi safi, akaambatanisha kopi ya risiti aliyokuwa ameshaipiga dukani, akajaza fomu kwa ule mwandiko wake uliolala upande mmoja. Jina lake lote. Sanduku la posta namba arobaini na nne, Itigi. Hakuacha nafasi hata moja wazi. Jumatatu tulikwenda pamoja posta, akatuma kwa rejesta, na Benjamin, karani wa pale, akapima bahasha mara mbili kwa kuwa mzee alitaka ipimwe mara mbili. Njiani kurudi mikono yake haikuwa nyuma. Ilikuwa inaning'inia tu, kama ya mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa kumi na moja ndipo nilipomjua. Kila Jumanne na Ijumaa alitoka posta akapita kwangu moja kwa moja, kwa kuwa sasa alikuwa na la kuniambia. "Bado," anasema, kisha anasimama. Na kwa kuwa tunangojea kitu kimoja, tunazungumza. Aliniambia Aneth aliwahi kumtilia punje za alizeti ndani ya barua ili aone walivyovuna mwaka ule. Aliniambia alivyokosea treni siku ya kumposa akafika kwao Ihanja kesho yake, wageni wameshakula na wameshamsema. Alicheka, na nikagundua sijawahi kusikia kicheko chake, miaka yote hiyo tukiwa majirani. Kuna siku alisimama mpaka jua likatugeukia na banda la chipsi likafunga.

Wiki ya kwanza ya Desemba, Jumatano, ambayo si siku yake, nilimwona amesimama kwenye mlango wa steshenari ameshika simu mbali na uso.

"Hebu nisomee," alisema. "Miwani inanidanganya."

Ilikuwa meseji. Nikasoma kwa sauti. Ndugu mteja, umepokea shilingi elfu kumi na tano. Asante kwa kushiriki ofa yetu.

"Jina langu halipo?"

"Halipo, mzee."

"Ndugu mteja," alisema.

"Labda hii ni ya pesa tu. Barua inafuata."

"Labda." Alichukua simu yake. "Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya namba ya simu. Nisingeijaza, wangelazimika kuandika." Akafikiri kidogo. "Lakini nafasi huwezi kuiacha wazi."

Barua haikufuata. Mtu ataniuliza kwa nini sikumwandikia mimi. Nilijaribu. Nilikwenda kununua bahasha, na kwa kuwa pale karibu hakuna mwingine anayeuza, nikainunua kwake. Akaniuliza namwandikia nani, nikasema dada yangu. Nyumbani niliandika "Mzee Chediel, shikamoo," nikakwama. Mwandiko wangu anaujua, fomu zangu zote najazia mezani kwake na kutia sahihi mbele yake. Angefungua, angejua ni huruma, na huruma angeiandikia risiti. Ile karatasi niliichana.

Siku ya mwisho wa mwaka aliniomba nimwangalizie duka. Nikamwambia mama wa chipsi atuangalizie duka na meza yangu, nikamfuata. Posta hapakuwa na foleni. Benjamin alifungua sanduku kwa upande wa ndani, akaingiza mkono mpaka mwisho ili mzee aone kwa macho yake kwamba halina kitu. Alifanya kwa heshima. Mzee akaweka ufunguo mezani, akatia sahihi, akaomba risiti. Benjamin akasema ya ufunguo hana. Mzee akasema basi aandike kwa mkono. Akaandikiwa: nimepokea ufunguo mmoja wa sanduku namba arobaini na nne kutoka kwa, na jina lake lote. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Kurudi mikono ilikuwa nyuma.

Ijumaa ya kwanza ya Januari hakuja. Nikasema sikukuu. Ijumaa ya pili hakuja. Saa nne ilipita, mlango wake haukubandikwa kikaratasi, maana hakuwa na mahali pa kwenda. Kutoka mezani kwangu niliona miguu yake chini ya meza ya kompyuta, imetulia, viatu vimepigwa rangi. Ni hatua sita kutoka kwake mpaka kwangu. Barua hakuwa nayo ya kunipa habari zake, na asali nilishamkataza kununua, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikidhani namfanyia hisani. Mzee kama yule hawezi kuja mikono mitupu kwa mtu. Nilikuwa nimemnyang'anya njia pekee aliyokuwa nayo.

Ijumaa ya tatu treni ilichelewa. Nilitoa kitambulisho changu cha taifa kwenye pochi, nikafunika asali, nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Hana. Kuna shida?"

"Hakuna. Nataka kopi."

"Ngapi?"

"Moja. Ila sina haraka kabisa."

Alikipokea kile kitambulisho. Alikitazama, akanitazama, akaelewa, nikaona ameelewa. Alikwenda nyuma akaleta kiti, akakifuta, akanipa. Mashine ikakohoa. Aliniuliza nimeamkaje, nikamwambia, na sikumwambia kwa kifupi. Nikamuuliza yeye kaamkaje. Treni ilipoingia bado nilikuwa nimekaa, na wenzangu wakauza madirisha yote.

Ijumaa iliyofuata nilipeleka cheti changu cha ubatizo. Nyingine, kadi ya kliniki ya Hana, ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Juzi nilikosa cha kupeleka nikapeleka kitambulisho tena. Anavipiga kopi mbele na nyuma, ananiandikia risiti, na hajaniuliza hata siku moja kopi hizo nazipeleka wapi.